Mwamuzi Aliyeona Akanyamaza

Refa wa kandanda akiona kosa akalikalia kimya, hapa Tanga hatoki Mkwakwani kwa mlango wa mbele. Watamsubiri. Watasema kauza mechi, na bei aliyouzia wataitaja. Mimi huchezesha mechi za ndondo huku mitaani, kwa hiyo najua mgongo unavyowaka pale filimbi inapochelewa. Ukiacha ile ya kuuachia mchezo uendelee kwa faida ya aliyechezewa rafu, kwetu jicho na filimbi ni kitu kimoja: umeona, umepuliza.

Ndiyo maana nilipoanza kufuatilia besiboli, kilichonikamata hakikuwa kurusha wala kupiga. Kilichonikamata ni mwamuzi wao. Sheria inamwamuru, kwa maandishi kabisa, kwamba yapo makosa atakayoyaona kwa macho yake mawili na asitamke neno. Asubiri aulizwe. Asipoulizwa, yamepita, na mchezo unaendelea kana kwamba hayakutokea.

Mchezo wenyewe si mgeni kabisa nchini. Wajapani wamehangaika miaka kadhaa kuuingiza mashuleni, hasa Dar es Salaam. Huku kwetu anayetaka kuuangalia anategemea simu na bando, na awe tayari kukesha, maana fainali za ligi kuu ya Marekani zikianza kwao saa mbili usiku, hapa ni saa tisa, jogoo wa kwanza bado amelala.

Kwa asiyeujua, haya yanatosha. Timu mbili za watu tisa tisa zinapokezana. Moja inarusha na kudaka, nyingine inatoa mtu mmoja mmoja na gongo. Vipo vituo vinne kwenye pembe za mraba: cha kwanza, cha pili, cha tatu na nyumbani, pale anapoanzia mpigaji. Ukivizunguka vyote ukarudi nyumbani umepata pointi. Mpira uliopiga ukidakwa kabla ya kugusa chini, umetoka. Mpira ukikutangulia kwenye kituo unacholazimika kufika, umetoka. Ukiguswa nao ukiwa njiani, umetoka. Mpigaji akishindwa mara tatu, hizo ni straiki tatu, naye ametoka pia, ingawa hapo kuna mlango wa nyuma nitakaourudia. Wakitoka watatu, mnabadilishana. Awamu ni tisa.

Sasa nije kwa kijana wa miaka 19.

Tarehe 23 Septemba 1908, New York, uwanja wa Polo Grounds. Giants wa New York wanacheza na Cubs wa Chicago. Ni awamu ya tisa, 1–1, wenyeji wanapiga na watu wao wawili wameshatoka. Moose McCormick yuko kituo cha tatu, Fred Merkle yuko cha kwanza. Al Bridwell anapiga mpira unaopita katikati ya walinzi, safi. McCormick anakimbia mpaka nyumbani. Imekwisha, Giants 2–1, watazamaji wanamwagika uwanjani. Merkle akiuona umati unamjia, anakata kona kabla ya kufika kituo cha pili na kutimkia vyumbani. Enzi hizo wachezaji wengi walifanya vivyo hivyo na hapakuwa na aliyewauliza.

Kasoro ni hii. Bridwell alipopiga, yeye mwenyewe alihitaji kituo cha kwanza, kwa hiyo Merkle alilazimika kukiacha na kwenda cha pili. Mpira ukifika cha pili kabla yake, Merkle ametoka. Na mtu wa tatu akitoka kwa kulazimika namna hiyo, pointi iliyopatikana katika mpira huo haihesabiwi, hata kama McCormick ameshafika nyumbani, amenawa uso na anaulizia chai. Mlinzi wa kituo cha pili wa Cubs, Johnny Evers, alilijua hilo. Akapiga kelele aletewe mpira. Hapo masimulizi yanagawanyika: wapo wasemao Joe McGinnity wa Giants aliunyakua akautupa kwenye umati, wapo wasemao mpira alioushika Evers mwishowe haukuwa ule uliopigwa. Vyovyote iwavyo, Evers alisimama juu ya kituo cha pili, mpira mkononi, akadai uamuzi.

Mwamuzi Hank O'Day akatamka kwamba Merkle ametoka. Pointi ikafutwa. Uwanja umejaa watu, giza linaingia, mechi ikaandikwa sare. Msimu ulipokwisha timu hizo mbili zikalingana kileleni, ikabidi wacheze tena tarehe 8 Oktoba. Cubs wakashinda 4–2, wakaenda kubeba ubingwa, kisha hawakuubeba tena hadi 2016. Merkle aliendelea kucheza kwa miaka mingi, na alicheza vizuri, lakini jina la utani la mtu mwenye kichwa kilichojaa mfupa halikumwacha mpaka kufa.

Wengi huishia hapo. Mimi hunoga zaidi na kilichotangulia. Tarehe 4 ya mwezi huo huo Cubs walikuwa Pittsburgh. Mpira wa mwisho ukapigwa, pointi ya ushindi ikaingia, na mkimbiaji wa Pittsburgh aliyekuwa kituo cha kwanza, Warren Gill, naye akaondoka bila kufika cha pili. Evers yule yule akasimama kituoni na mpira. Mwamuzi, ambaye siku hiyo alikuwa peke yake, ni O'Day yule yule. Akajibu kwamba hakuona. Malalamiko rasmi ya Cubs yakatupwa. Kwa hiyo kule New York hapakuwa na aliyekurupuka. Mmoja alikuwa ameshajua swali la kuuliza, na mwingine alikuwa ameshajua kwamba ataulizwa.

(Mjuzi wa kanuni ataniambia kwamba kesi ya Merkle kitaalamu ni ya kutolewa kwa kulazimika, si rufaa, yaani kosa linalosubiri kulalamikiwa. Ni kweli. Lakini chukua hali ilivyokuwa: pasipo Evers kupiga kelele, ungekuwa usingizi mwema kwa New York nzima.)

Kisa hiki nilikisimulia kibarazani, Ngamiani, tukiwa tumekaa wengi. Miongoni mwetu kuna mzee aliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama mpaka akastaafu. Vijana walicheka, wengine wakasema hao Wazungu hawana kazi. Mzee hakucheka.

“Mwanangu, hakimu hatembei barabarani akitafuta kesi,” akaniambia.

“Lakini mzee wangu, ameona kwa macho.”

“Ameona kama nani? Kama hakuna aliyefungua shauri, alichokiona akamsimulie mkewe.”

Nikamweleza rufaa za besiboli zenyewe, akawa anatikisa kichwa kama anayesomewa kitu alichokiandika mwenyewe. Mkimbiaji akiruka kituo bila kukigusa, mwamuzi anaona na kuweka moyoni. Akiondoka kituoni mapema, kabla mpira wa juu haujadakwa, vivyo hivyo. Upande wa ulinzi ndio unaotakiwa kuwa na mpira, kumgusa mkimbiaji au kugusa kituo kinacholalamikiwa, na kumweleza mwamuzi waziwazi unalalamikia nini. Na muda una kikomo: mrushaji akisharusha mpira mwingine kwa mpigaji, shauri limefungwa. Mzee akapenda sana hapo. “Ukomo wa muda,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyewarudisha watu wengi mlangoni kwa sababu hiyo.

Kuna hali moja ya kituo cha nyumbani ambayo ukiiangalia unaweza kudhani mwamuzi amepoteza fahamu. Mkimbiaji anateleza, anapita pembeni ya bamba la nyumbani bila kuligusa, na mdakaji naye anajaribu kumgusa na mpira anamkosa. Kwa kawaida mwamuzi hutandaza mikono kuonesha salama, au hukunja ngumi kuonesha ametoka. Hapo haoneshi chochote. Anasimama tu. Ukimya wake ndio tangazo, kwa mwenye kujua kuusoma: mkimbiaji hajagusa, mdakaji hajagusa, na wa kwanza kuzinduka ndiye mwenye haki.

Lakini kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya mpangilio wa wapigaji. Kabla ya mechi kila kocha anakabidhi orodha: nani atapiga wa kwanza, nani wa pili, mpaka wa tisa. Ikitokea amekuja mtu asiye zamu yake, mwamuzi mwenye orodha mfukoni anajua. Kanuni inamkataza kumzindua mtu yeyote. Wapinzani wakigundua akiwa bado anapiga, mwenye zamu anakuja kuchukua nafasi na hesabu inaendelea pale ilipofikia. Wakigundua ameshamaliza, kabla ya mpira unaofuata kurushwa, matokeo yake yanafutwa na mtu mmoja anahesabiwa ametoka. Na anayetoka si aliyepiga! Ni yule aliyepaswa kupiga, aliyekuwa amekaa benchi anakunywa maji. Wakigundua baada ya mpira unaofuata, wamechelewa, haramu imeshakuwa halali.

Sasa fikiria kocha mpinzani aliyegundua mapema. Akisema mara moja, kosa linasahihishwa na hapati kitu. Kwa hiyo anakaa kimya. Mpigaji asiye zamu akitoka, kocha anaendelea kunyamaza, amefaidi. Akipiga mpira mzuri akafika kituoni, hapo ndipo kocha anainuka taratibu na kumwendea mwamuzi. Watu wawili wanajua, wote wananyamaza, mmoja kwa amri na mwingine kwa hesabu. Kwenye ndondo zetu ujanja wa hivi ungeleta polisi.

Zipo kanuni za ajabu ambazo hazina siri kubwa, nizipitie haraka. Mlinzi akiutupia glavu mpira uliopigwa ndani ya mipaka na glavu ikaugusa, mpigaji anazawadiwa vituo vitatu. Mpira uliorushwa kwa mpigaji ukikwama kwenye kinyago cha mwamuzi, wakimbiaji wanasogea kituo kimoja. Na ni marufuku mkimbiaji kurudi nyuma kutoka kituo alichokipata kwa nia ya kuwachanganya wapinzani au kuufanyia mchezo mzaha. Marufuku hiyo inamkumbusha kila mtu Germany Schaefer, mchezaji wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliyeiba kituo cha pili, yaani alikikimbilia bila mpira kupigwa, akitumaini wapinzani watatupa mpira huko ili mwenzake wa kituo cha tatu atoroke nyumbani. Hawakutupa. Basi akarudi mbio kituo cha kwanza ili aweze kuiba cha pili upya.

Nimesema mwamuzi anasubiri kuulizwa. Ipo kanuni inayomtaka afanye kinyume chake: aseme kabla jambo halijatokea. Inaitwa infildi flai, na ndiyo inayowashinda wageni wengi, hata wenyeji.

Tuseme wapo wakimbiaji kituo cha kwanza na cha pili, na hakuna aliyetoka. Mpigaji anaupandisha mpira juu, unashuka taratibu kwa mlinzi anayeusubiri hapo karibu. Wakimbiaji wafanyeje? Wakiondoka na mpira ukadakwa, inabidi warudi walikotoka, na hawatawahi. Kwa hiyo wanabaki jirani na vituo vyao. Mlinzi mjanja anaona hivyo, anaachia mpira udondoke miguuni. Sasa haujadakwa. Mpigaji anakwenda cha kwanza, wale wawili wanalazimika kusogea, na wamesimama tuli. Mlinzi anaokota, anatupa cha tatu, wa huko anatupa cha pili, watu wawili wametoka kwa mpira uliostahili kumtoa mmoja. Wenye mchezo waliuona ujanja huo na kuuziba katika miaka ya 1890. Mpira ukiwa bado hewani, mwamuzi anainua mkono na kutangaza kwamba mpigaji ametoka, udakwe usidakwe. Masharti ni kwamba wakimbiaji wawe kituo cha kwanza na cha pili, au vyote vitatu. Waliotoka wasifike wawili. Mpira uwe wa kupanda, si wa kunyooka wala ule wa kugusishwa gongo kwa makusudi. Na mlinzi wa ndani awe anaweza kuudaka kwa juhudi za kawaida.

Juhudi za kawaida. Hayo maneno matatu yamewahi kuinua uwanja mzima. Tarehe 5 Oktoba 2012, Atlanta, Braves wanacheza na Cardinals wa St. Louis mechi moja ya mtoano: anayefungwa anakwenda nyumbani. Awamu ya nane Braves wako nyuma 6–3, wana watu kituo cha kwanza na cha pili, mmoja ametoka. Andrelton Simmons anapandisha mpira upande wa kushoto, mbali, kwenye majani ya nje. Mlinzi wa ndani Pete Kozma anarudi kinyumenyume, anajiweka chini yake, halafu ghafla anajitoa akidhani mwenzake wa nje, Matt Holliday, ataudaka. Hakuna anayeudaka. Mpira unaanguka katikati yao. Atlanta inalipuka kwa shangwe: vituo vyote vimejaa! Kumbe Sam Holbrook, mwamuzi wa mstari wa kushoto, sekunde chache kabla mpira haujagusa chini, alikuwa ameinua mkono. Infildi flai. Simmons ametoka.

Chupa na vikombe vikamiminika uwanjani, mechi ikasimama dakika 19. Braves wakaandikisha malalamiko, yakakataliwa usiku ule ule. Matokeo yakabaki 6–3, na ndiyo ikawa mechi ya mwisho ya Chipper Jones, kipenzi chao wa miaka yote.

Nimeiangalia sana ile video. Kwa maandishi, Holbrook ana hoja. Kanuni haisemi mita ngapi kutoka vituoni, inasema juhudi za kawaida, na Kozma alikuwa ameshasimama chini ya mpira. Lakini kanuni ilizaliwa kumlinda mkimbiaji dhidi ya mlinzi mwenye hila, na kutoka kule mbali hakuna binadamu ambaye angeweza kuangusha mpira kwa makusudi kisha awatoe watu wawili. Siku ile dawa iligeuzwa ikamnywesha asiye mgonjwa. Tena ilitamkwa kwa kuchelewa, na kanuni ya kusema mapema ikisemwa kwa kuchelewa haina tena kazi iliyotungiwa, maana wakimbiaji walikuwa wameshaamua. Mimi ningekaa kimya. Najua, ni rahisi kusema hivyo nikiwa Tanga, miguu juu ya jamvi.

Tuje kwenye ule mlango wa nyuma. Mpigaji akipata straiki ya tatu, mdakaji lazima aushike mpira kabla haujagusa ardhi. Ukimponyoka, au ukidunda kwanza, mpigaji anaruhusiwa kukimbilia kituo cha kwanza kana kwamba amepiga. Hii hufanya kazi pale tu kituo cha kwanza kikiwa kitupu, au watu wawili wakiwa wameshatoka. Kwa nini sharti hilo? Ni kwa sababu ya hila ile ile: kama kingekuwa na mtu, mdakaji angeangusha mpira kwa makusudi na kuwatoa wawili. Utaona kwamba nusu ya kitabu chao kimeandikwa kumhusu mtu mmoja, yule anayedondosha kitu makusudi.

Tarehe 12 Oktoba 2005, Chicago, nusu fainali, mechi ya pili. White Sox na Angels wako 1–1, awamu ya tisa, watu wawili wametoka, hakuna mtu kituoni. A.J. Pierzynski anapiga hewa, straiki ya tatu. Mwamuzi Doug Eddings ananyoosha mkono, kisha anakunja ngumi. Mdakaji Josh Paul ana hakika ameudaka. Anauviringisha mpira kuelekea kwa mrushaji na kuondoka zake. Pierzynski anapiga hatua moja kuelekea benchi, anasita, anageuka, anatimua mbio hadi kituo cha kwanza. Hakuna wa kumzuia. Eddings hakuwa ametamka kwamba ametoka. Pablo Ozuna akaingia kukimbia badala yake, akaiba kituo cha pili, Joe Crede akapiga mpira mrefu, 2–1. Mwezi ule White Sox hawakufungwa tena hadi walipobeba kombe.

Kama mpira uligusa vumbi au haukugusa, video hazijamaliza ubishi. Kinachonisumbua mimi ni ile ngumi. Eddings alieleza kwamba ndiyo ishara yake ya straiki. Sawa, lakini mdakaji aliyempa mgongo anasikia sauti tu, watu wengine elfu arobaini wanaona mkono tu, na siku ile sauti na mkono havikusema kitu kimoja. Na huyo Paul? Angemgusa tu Pierzynski na mpira, pale pale, bila kumuuliza mtu. Sekunde moja.

Kuna neno lililotamkwa kwa wakati wake, kwa sauti kubwa, bila shaka yoyote, na likawa si kweli. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit. Armando Galarraga amewatoa wapigaji 26 mfululizo wa Cleveland, hakuna hata mmoja aliyefika kituoni. Akimtoa wa 27 ana mchezo mkamilifu, kitu ambacho ligi hizo zimekiona mara 24 tu kuanzia 1880 hadi 2023. Jason Donald anapiga mpira wa chini, Miguel Cabrera anauokota, Galarraga anakimbia kufunika kituo cha kwanza, anaudaka, anakanyaga. Donald bado hajafika. Mwamuzi Jim Joyce anatandaza mikono: salama.

Galarraga alitabasamu. Akarudi kurusha, akamtoa aliyefuata, mechi ikaisha 3–0. Joyce alipoangalia marudio alikiri mbele ya waandishi kwamba amemnyima kijana mchezo wake mkamilifu. Kesho yake, Galarraga ndiye aliyepeleka orodha ya wapigaji uwanjani kumkabidhi Joyce, na Joyce akafuta machozi mbele ya umma. Kamishna wa ligi hakubadilisha uamuzi, na mpaka leo kitabuni Donald amefika salama. Kuanzia 2014 makocha wameruhusiwa kuomba marudio ya video kwa maamuzi ya aina hiyo. Lakini angalia: kocha lazima aombe, na ana idadi ndogo ya maombi. Hata mashine wameifundisha kusubiri kuulizwa.

Mzee wa mahakama hakuguswa sana na machozi ya Joyce. Alichokiganda ni lami.

Tarehe 24 Julai 1983, New York, Yankees wanaongoza 4–3, awamu ya tisa, Kansas City wana watu wawili waliotoka na mmoja kituoni. George Brett anampiga mrushaji Goose Gossage homurani: mpira unapita uzio, yeye na mwenzake wanarudi nyumbani, 5–4. Kocha wa Yankees, Billy Martin, anatoka taratibu na kuomba gongo likaguliwe. Wapigaji hupaka lami ya msonobari kwenye gongo ili lisiteleze mkononi, na kanuni iliruhusu isizidi inchi 18 kutoka kwenye mshikio. Waamuzi hawana rula. Tim McClelland akalilaza gongo juu ya bamba la nyumbani, ambalo lina upana wa inchi 17, na lami ikapita mbali. Akaelekeza gongo kwa Brett: umetoka. Mechi imekwisha, Yankees wameshinda. Brett alivyochomoka benchini macho yamemtoka, ilibidi ashikwe na watu kadhaa.

Kansas City wakakata rufaa. Rais wa ligi, Lee MacPhail, akaikubali. Hoja yake ilikuwa kwamba marufuku ya lami haikuwekwa kwa sababu lami inaongeza nguvu ya mpira. Makusudio yake hayakuwa kumnyang'anya mtu homurani. Gongo lilipaswa kuondolewa, homurani ibaki. Mechi iendelee kutoka pale.

Ikaendelea tarehe 18 Agosti, na waamuzi wengine. Martin, kwa hasira, akampanga Ron Guidry, ambaye ni mrushaji, kucheza uwanja wa nje, na Don Mattingly, anayetupa kwa mkono wa kushoto, kituo cha pili, mahali ambapo watu wa mkono huo hawapangwi. Kabla ya mpira wa kwanza kurushwa kwa mpigaji, akaanzisha rufaa: Brett, siku ile ya Julai, hakugusa kituo cha kwanza. Halafu: hakugusa cha pili. Hesabu yake ilikuwa tamu. Waamuzi wa leo hawakuwapo, watajuaje? Wataulizwa swali ambalo hakuna aliye na jibu.

Dave Phillips, kiongozi wa waamuzi siku hiyo, akaingiza mkono mfukoni na kutoa barua. Waamuzi wa Julai walikuwa wameapa kwa maandishi kwamba Brett alivigusa vituo vyote.

“Ilikuwa na muhuri?” mzee akauliza.

“Ndiyo mzee, wa mthibitishaji.”

Akafurahi, lakini uamuzi wa MacPhail hakuukubali. Kwake inchi 18 ni inchi 18, na ukianza kuuliza sheria ilitungwa kwa nini, kila mkosaji atakuja na historia yake. Mimi nasema Holbrook angeuliza kwa nini, Atlanta isingetupa chupa. Tukabishana mpaka kahawa ikaisha. Siku hizi kanuni yenyewe imeandikwa upya upande wa lami: gongo lililozidisha linaondolewa, lakini kama hakuna aliyelalamika kabla halijatumika, lililofanywa nalo haliguswi. Nilipomsomea hapo, mzee alisema ingekuwa hivyo 1983, Martin angetakiwa kuinuka Brett akiwa bado anaelekea kupiga, na kwa mtu aliyeiona lami hiyo mapema akaitunza mpaka homurani ipigwe, hiyo ndiyo adhabu ambayo yeye binafsi angeiandika.